Baiskeli, mto na pesa ya kikundi: jipange kabla ya kuondoka Kericho

Marafiki wakiamua kusafiri kwa baiskeli, maswali ya kwanza huwa ni ya baiskeli. Nani ana pampu? Tairi nene au nyembamba? Ile cheni ya mwaka jana bado inashika? Swali la pesa huja mwisho, mara nyingi usiku wa kuamkia safari, na jibu lake huwa fupi: "Si mtumie tu kwa simu ya fulani, ndiye atashika." Kesho yake alfajiri watu sita wanaondoka na pesa yote ya siku nne ikiwa kwenye laini moja, ndani ya simu moja, kwenye mfuko mmoja wa jaketi.

Tumeandika makala hii kwa ajili ya kundi kama hilo. Mfano tuliouchagua ni safari ya kutoka mji wa Kericho, kupitia mashamba ya chai hadi Bomet, kisha kuufuata mto Nyangores kuteremka nao mpaka upande wa Kaboson, ambako hukutana na mto Amala na kuzaa mto Mara. Njia hii ina kila kitu kinachosumbua mtu anayelipa kwa simu: mvua, mabonde, betri kuisha, na vibanda vilivyo mbali na mji. Ukiweza kupanga pesa ya huku, kwingine utapita tu.

Njia yenyewe, na kwa nini inakula pesa

Huko Ulaya kuna njia maarufu ya baiskeli kando ya mto Danube, kutoka Passau nchini Ujerumani hadi Vienna nchini Austria. Ni zaidi ya kilomita 300, lakini hata wazee na watoto huimaliza kwa sababu ni tambarare na inateremka pamoja na maji. Watu wengi wakisikia "safari ya kufuata mto" huwa na picha kama hiyo kichwani.

Kericho si hivyo. Mito ya huku inatoka msitu wa Mau na kukata mabonde marefu, na barabara kuu haikai kando ya maji, inayavuka. Unateremka kwa kasi hadi darajani, unapumua mara mbili, halafu unaanza kupanda upande wa pili ukiwa umezungukwa na chai kila upande. Ukifika juu unaona bonde lingine. Ukitoka Kericho kupitia Chemosit, Litein na Kapkatet hadi Kaplong, ambapo barabara ya Bomet inakata kushoto, utapanda na kushuka hivyo siku nzima.

Kuna jambo moja la kupendeza hapa ambalo hata wenyeji wengine hawajaliwazia. Chemosit, Itare na Kipsonoi huungana na kuwa mto Sondu, unaoingia Ziwa Victoria upande wa Ghuba ya Winam. Nyangores na Amala, ambayo pia inatoka Mau, huelekea kusini na kuwa Mara, unaosafiri karibu kilomita 395 kupitia Maasai Mara na Serengeti hadi ziwa lile lile, karibu na Musoma nchini Tanzania. Kwa hivyo mahali fulani kati ya Kericho na Bomet mtakuwa mmetoka kwa maji ya Sondu na kuingia kwa maji ya Mara, na hakuna kibao kitakachowaambia. Miguu tu ndiyo itajua.

Haya yote yanaingiaje kwenye pesa? Kwanza, mtu anayepanda vilima hivi anakula mara mbili ya anavyokula nyumbani. Chai na chapati mbili za saa tatu zinaisha kabla ya saa tano. Pili, mahali pa kulala mlipopanga huenda msipafikie. Kericho hunyesha karibu mwaka mzima, na mara nyingi mvua huja mchana kuelekea jioni, wakati mwingine ikiwa ya mawe. Mkichelewa kuondoka asubuhi, mvua itawakuta katikati ya bonde, na itabidi mlale pengine ambako hamkupiga hesabu. Tatu, kuna mmoja wenu ambaye goti litamkataa siku ya pili. Huyo atahitaji boda boda au matatu, yeye na baiskeli yake. Kila kundi lina mtu huyo, na mara nyingi si yule mliyemdhania.

Ndiyo maana tunasema mwondoke mapema, ikiwezekana saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mfike mnakolala kabla ya saa tisa. Alasiri ndipo malori ya majani ya chai yanapokimbia kuelekea kiwandani, kwa kuwa majani mabichi hayangoji, na baiskeli haina ubishi na lori.

Kikapu kimoja, macho mengi

Tuseme mko sita, na mnapanga siku nne na kulala mara tatu. Mmekubaliana kila mtu achange shilingi 700 kwa wiki kwa wiki 10. Hiyo ni 7,000 kwa kila mtu, 42,000 kwa wote. Chakula kikiwa 700 kwa mtu kwa siku, kinakula 16,800. Malazi ya 700 kwa mtu kwa usiku ni 12,600. Mkitenga 3,000 za fundi, tyubu na breki, na 4,800 za kurudi nyumbani pamoja na baiskeli, mnabaki na 4,800 ya dharura. Bei hizi ni za mfano. Ulizeni za sasa kabla ya kupitisha bajeti. Ila msiiondoe ile sehemu ya dharura ati kwa sababu hesabu imebana. Heri mpunguze siku moja.

Sasa, pesa hii ikae wapi katika hizo wiki 10?

Jibu letu: isikae kwenye laini ya mtu binafsi. Si kwamba mweka hazina wenu ni mwizi. Shida ni kwamba pesa iliyo kwenye laini ya mtu huchanganyika na maisha yake. Karo ya mtoto inafika, anasema "nitarudisha Ijumaa." Anakopa kwa simu, mkopo unaiva, na salio linakatwa bila yeye kugusa chochote. Hapo hajaiba, lakini kikapu kina shimo, na urafiki wa miaka mingi unaanza kuvuja kwa hilo shimo.

Fungueni akaunti ya kikundi, ile ambayo pesa haitoki mpaka watu wawili au watatu waidhinishe kutoka simu zao wenyewe. Wanachama wote waweze kuona salio na nani ametoa nini. Chagueni waidhinishaji wawili ambao hawalali nyumba moja na hawatumii simu moja. Na kama mnaamua kutumia laini ya mtu kwa sababu hamtaki mambo mengi, basi iwe laini mpya isiyo na mkopo wala malipo ya kila mwezi, na kila Jumapili jioni mweka hazina aweke taarifa kwenye grupu lenu la WhatsApp: nani ametoa, nani bado, jumla ni ngapi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hawakuwa na simu.

Kuhusu anayechelewa kuchanga: kubalianeni mapema, kwa maandishi, siku ya mwisho ni gani na akijitoa anarudishiwa kiasi gani. Mkingoja mpaka siku ya safari kulijadili, mtalijadili mkiwa mmekasirika, na mmoja ameshavaa helmeti.

Kugawa pesa asubuhi ya kuondoka

Mkishafika siku yenyewe, gawanyeni pesa kabla ya kupanda baiskeli. Hatupendekezi kuhamisha yote 42,000 kwa mweka hazina. Atoe ya siku hiyo tu. Kwa hesabu yetu, chakula na malazi ni 29,400 kwa siku nne, kwa hivyo ni wastani wa kama 7,400 kwa siku. Uidhinishaji ufanyike mkiwa bado mjini, iwe ni Kericho, Litein au Bomet, mahali mtandao uko imara, wala si mkiwa darajani mnasubiri ujumbe uingie.

Ile 4,800 ya dharura ishikwe na mtu wa pili, na ikiwezekana laini yake iwe ya mtandao tofauti na wa mweka hazina. Mtandao mmoja ukipotea bondeni, mwingine huenda upo. Pesa ya fundi iwe kwa yule anayejua kuziba pancha, maana ndiye atakayesimama na fundi. Nauli ya kurudi iachwe kwenye akaunti ya kikundi, msiiguse hata mkiona nyama choma ya aina gani.

Halafu kila mtu abebe pesa yake mwenyewe kidogo, elfu moja hivi, na katika hiyo elfu, mia tatu au nne ziwe noti ndogo na sarafu. Ndiyo, sisi ni kampuni ya malipo kwa simu na tunakuambia ubebe noti. Ndizi tatu kutoka kwa mtoto aliyesimama kando ya barabara hazihitaji simu, na siku ambayo mtandao umelala, noti ya mia moja ni rafiki mkubwa.

Usilipe malazi yote mapema. Lipa usiku wa kwanza, maana huo mna uhakika nao. Kabla ya kutuma hata huo, angalia jina linalojitokeza kwenye simu kabla ya kuthibitisha. Kama umeambiwa unalipia gesti na jina linalotokea ni la mtu binafsi usiyemjua, simama kwanza. Piga simu, uliza. Biashara nyingi ndogo kweli hupokea kwa laini ya mwenyewe, kwa hivyo si lazima iwe ulaghai, lakini kuuliza hakugharimu kitu. Njia nyingine rahisi ni kutuma shilingi 20 kwanza. Kutuma shilingi 100 au chini ya hapo ni bure, na mwenye gesti akikuambia "nimeona ishirini yako," ndipo unatuma iliyobaki.

Ukilipa na ujumbe ukakataa kuja

Hili ndilo jambo linalochanganya watu wengi zaidi, na kwenye njia hii ya mabonde litawakuta, kwa hivyo tutalieleza taratibu.

Mko kwenye kibanda chini ya kilima. Mmekunywa chai sita na mandazi 12. Mweka hazina anaandika namba ya malipo ya dukani, ile watu huita tili, anaweka kiasi, anaweka namba ya siri, anabonyeza. Kimya. Simu inazunguka, halafu inasema kuna hitilafu, au haisemi chochote. Mama wa kibanda anaangalia simu yake, hana kitu. Vijana wengine wameshapanda baiskeli. Mweka hazina anaona aibu, analipa tena. Dakika tatu baadaye, wakiwa juu ya kilima, jumbe mbili zinaingia kwa mpigo. Amelipa mara mbili.

Kinachotokea ni hiki. Ombi lako la kulipa na ujumbe wa kukuthibitishia ni vitu viwili vinavyosafiri mbalimbali. Ombi linaweza kufika kwenye mfumo na pesa ikahama, huku jibu likikwama kwa sababu simu yako imepoteza mnara. Kwa hivyo kukosa ujumbe si ushahidi kwamba hujalipa. Ushahidi ni salio. Kabla ya kurudia malipo yoyote, angalia salio lako au taarifa ya miamala. Ikiwa limepungua kwa kiasi kile kile, umelipa, kilichobaki ni ujumbe wa mama kufika. Ikiwa halijapungua, ngoja dakika chache, tembea hatua kadhaa kuelekea palipo wazi, angalia tena, ndipo ujaribu upya. Na kama hata salio haliwezi kuangaliwa kwa sababu hakuna mtandao kabisa, basi hapo ndipo zile noti ndogo zinapofanya kazi yake.

Tunaomba pia mvumilie upande wa muuzaji. Yeye ameshaona watu wa kila aina, pamoja na wale wanaomwonyesha ujumbe wa kutengeneza kisha wanaondoka. Akisema "ngoja yangu iingie," hajakutukana. Mwambie "chamgei," keti, malizia chai. Safari ni ya siku nne.

Kama mmeshalipa mara mbili, au mmetuma kwa namba isiyo, ombeni kurudishiwa mara moja, mkiwa bado na ujumbe wa uthibitisho na namba yake ya muamala. Msiufute ujumbe huo. Kurudisha ni rahisi ikiwa pesa bado iko kwa aliyeipokea; akishaitoa kwa wakala, inakuwa kazi ya kubembeleza. Ikiwa ni mama wa kibanda, mpigieni simu kwanza kwa heshima. Mara nyingi atawarudishia kabla hata sisi hatujafika.

Jambo dogo la ada: mtu mmoja alipe kwa niaba ya wote, badala ya kila mmoja kumtumia muuzaji chai yake. Mnunuzi anayelipa kwa tili hakatwi, na muuzaji anapata ujumbe mmoja wa kuhakiki badala ya sita. Msitoe pesa kwa wakala vijisehemu vijisehemu njiani. Kila kutoa kuna ada yake, na ada ndogo tano ni chakula cha mtu.

Simu, mvua na kabambe

Usidharau kabambe. Simu ile ndogo ya vitufe, yenye chaji ya siku tatu na tochi, ndiyo inayofaa kuwa na laini ya dharura. Menyu ya malipo inayofunguka kwa nyota na reli haihitaji bando wala intaneti, inahitaji mtandao wa kawaida tu wa kupiga simu. Programu ya kwenye simu kubwa ni nzuri ukiwa mjini, lakini bondeni unapopata kijiti kimoja cha mtandao, menyu ya kawaida itafanya kazi pale programu inazunguka tu. Tena kioo kilicholowa mvua hakisikii kidole. Kitufe kinasikia.

Simu kubwa ifungeni kwenye mfuko wa plastiki, izimwe data mnapopanda baiskeli, na kuwe na betri moja ya akiba ya kikundi. Ukitumia simu hiyo hiyo kupiga picha za chai, kuonyesha ramani na kucheza muziki, usishangae saa nane mchana kukosa ya kulipia chakula.

Kisha kuna lile la kupoteza kabisa. Simu ikianguka Nyangores, au ikichomolewa mfukoni sokoni, unachotakiwa kufanya ni kuazima simu ya mwenzako pale pale na kupigia huduma kwa wateja ya mtandao wako ili laini na akaunti yako zifungwe. Usingoje kufika mjini. Pesa yako haimo ndani ya ile simu; iko kwenye akaunti, na ikishafungwa iko salama mpaka upate laini mpya. Laini hiyo utaipata kwa kitambulisho halisi, kwa hivyo kitambulisho kisikae mfuko mmoja na simu. Watu huviweka pamoja kwenye kile kikoba cha nyuma ya simu, na vikienda, vinaenda pamoja.

Wekeni pia namba ya siri kwenye laini yenyewe, si kwenye kioo pekee. Vinginevyo aliyeokota simu atachomoa laini, aiweke kwenye simu nyingine, aanze kupokea jumbe zako. Na namba ya siri ya akaunti ya pesa haitajwi kwa mtu, hata kwa rafiki mliyelala naye hema moja, hata "ikitokea niko nyuma nalipa." Ndiyo faida ya kugawa pesa asubuhi: hakuna anayehitaji namba ya siri ya mwenzake.

Andikeni kwenye karatasi, kwa kalamu, namba za simu za wote sita na ya mtu mmoja wa nyumbani kwa kila mmoja. Karatasi mbili, watu wawili. Siku hizi hakuna anayekumbuka namba kwa kichwa.

Simu inayoenda nyumbani

Jambo hili halihusu ninyi mlio kwenye baiskeli peke yenu. Linahusu mama yako.

Mmeondoka Kericho, mmepiga picha, mmeweka kwenye mitandao: "Siku ya pili, tunaelekea Bomet." Jina lako lipo, la rafiki zako lipo, na mahali mlipo papo. Mchana uko bondeni, simu haipatikani. Wakati huo nyumbani simu inaita: "Mama, mwanao ameanguka na baiskeli huku Bomet. Ameumia vibaya. Daktari anataka elfu nane sasa hivi ndiyo amhudumie. Tuma kwa hii namba, ni yangu mimi rafiki yake." Mama anakupigia, hupatikani. Jina la rafiki uliyesafiri naye ni la kweli. Ni mzazi gani hatatuma?

Kinga yake inawekwa kabla ya kuondoka, tena ni ya dakika kumi. Waambie watu wa nyumbani mambo matatu. Kwamba utakuwa hupatikani kwa saa kadhaa mchana, na hilo halimaanishi kuna baya. Kwamba kuna namba mbili nyingine za kupiga, na waandike majina yake. Na kwamba kuna neno moja mlilokubaliana, neno la kawaida tu la nyumbani, jina la ng'ombe wa zamani au la shule ya msingi, ambalo mtu yeyote anayepiga kwa niaba yako lazima alitaje. Asiyelijua, hatumiwi kitu, hata alie. Wenzako sita kila mmoja awe na neno lake na mmoja wa wenzake alijue.

Na kama ajali ni ya kweli? Inaweza kuwa. Barabara ina malori, mteremko una mchanga. Njiani kuna hospitali za kutegemewa: ya rufaa ya kaunti mjini Kericho, ya Kapkatet, ya Longisa upande wa Bomet, na Tenwek, ile iliyo karibu na maporomoko ya Nyangores ambayo tangu miaka ya 1980 huzalisha umeme wake kwa maji ya mto huo huo mnaoufuata. Malipo ya hospitali hutumwa kwa namba ya malipo ya hospitali, na jina linalojitokeza kabla ya kuthibitisha ni la hospitali. Anayekuambia utume kwa laini yake "ili akalipe" anahitaji kuulizwa maswali. Waelezeni nyumbani na hili.

Kabla ya safari, kila mtu ahakikishe amesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kwamba mchango wake umelipwa. Usajili unafanyika hata kwa kabambe, kwa *147#. Ile 4,800 ya dharura haitafika mbali mkono ukivunjika.

Mkiwa barabarani, picha wekeni jioni mkishafika, si mchana mkiwa njiani. Wafuasi wenu watangoja. Na ujumbe ukiingia wa "umepokea 3,000," kisha mtu akapiga akiomba urudishe kwa kuwa ametuma kwa makosa, angalia salio kwanza. Mtu aliyechoka, aliyelowa, mwenye njaa, hudanganyika upesi kuliko alivyo ofisini, na matapeli hawapumziki wikendi.

Kutoka Bomet hadi mto unapobadilisha jina

Chai inaanza kupungua mkishapita Bomet kuelekea Sigor na Kaboson. Mnaona mahindi, ng'ombe, ardhi inayofunguka, joto linaongezeka. Pesa za siku hiyo zitoleeni Bomet mjini, na mnunue maji na vyakula vya njiani hapo hapo, kwa maana vituo vinakuwa mbali mbali na mawakala wa vijijini huenda wasiwe na pesa taslimu ya kutosha mchana. Si kosa la wakala. Akishahudumia watu wa soko, droo imeisha.

Mkifika ambapo Nyangores na Amala hukutana, ishieni hapo. Mbele ni viboko majini na tembo nchi kavu, na hifadhi ya wanyama si mahali pa kukatiza kwa baiskeli. Mashindano ya Migration Gravel Race, yaliyoanza 2021, hupita nchi ya Mara, lakini wale wana waandaaji na magari ya msaada. Ninyi mna kabambe. Piga picha mto ukiwa bado na rangi ya udongo wa Mau, mrudi juu kabla jua halijashuka.

Nauli ya kurudi ikubaliwe kabla baiskeli hazijapandishwa juu ya gari. Ulizeni bei ya mtu na bei ya baiskeli, kila moja kivyake, na anayelipa awe mmoja. Baiskeli ikishafungwa kamba juu ya keria, huna nguvu tena ya kupatana.

Usiku wa mwisho, kabla watu hawajatawanyika, mweka hazina afungue taarifa ya miamala na wote waisome pamoja. Kila malipo yana jina, saa na kiasi, hakuna haja ya kukumbuka nani alilipa mandazi ya Litein. Aliyetoa pesa yake mfukoni kwa ajili ya kundi arudishiwe kwanza. Kinachobaki kigawanywe. Zikibaki 1,950, kila mmoja anatumiwa 325 usiku huo huo, kabla ya mtu kupendekeza "ziwekwe za safari ijayo" wakati wawili tayari wamelala na hawajaulizwa. Mkikubaliana wote kuziweka, sawa, ziache kwenye akaunti ya kikundi, na mweka hazina mpya achaguliwe kesho yake.